Mtani Aliyeikalia Bunduki

Mimi na Osward hatuheshimiani, na wala hatujaribu. Yeye ni Mpogoro wa Mahenge, mimi Dorotea ni Mngoni wa Peramiho, na makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu. Babu zangu waliwakimbiza babu zake mpaka wakapanda mlima. Hilo namkumbusha kila ninapomwona, naye hunijibu kwamba walipanda ili wapate kuwaona vizuri Wangoni wanavyopotea njia. Nyumba zetu zinatazamana hapa Viwanja Sitini, Ifakara. Mimi nina mashine ya kukoboa mpunga, yeye ni dereva wa trekta mstaafu wa mashamba ya miwa, na kwa kuwa hana tena trekta la kuendesha, huja kwenye benchi langu kila asubuhi kunikosoa ninavyofunga magunia.

Hasira ninazo, sikatai. Wateja wangu wote wanajua kuna jambo moja silivumilii hata kwa mzaha, nalo ni kupewa kitu kwa mkono wa kushoto. Bibi yangu alinilea hivyo. Ukininyooshea kushoto, iwe debe, iwe salamu, naangalia juu kwenye mabati mpaka ubadilishe. Hata Osward, pamoja na ukorofi wake wote, hilo hakuwahi kulijaribu.

Sasa niwaambie habari ya bunduki ya baba yake, maana ndiyo iliyotaka kuninyang'anya mtani.

Mzee Sylvester, baba yake Osward, alikuwa mwindaji, tena mwenye leseni, si hawa wa kunyatia vichakani. Bunduki yake ilikuwa ya mitutu miwili, ya kukunja katikati, kuukuu tangu mimi sijaolewa. Ilikuwa inapiga marisau, zile chembe za risasi zinazotawanyika, na risasi zake zilikuwa fupi, nene, zenye ganda la karatasi ngumu. Kwa hizo mzee alilinda mashamba ya nusu ya kijiji kule ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, nguruwe pori wasifukue mihogo ya watu. Basi risasi za namna ile zikaisha madukani kabla mzee mwenyewe hajaisha. Bunduki ikafungwa kwenye blanketi, ikawa inatolewa tu kupakwa mafuta.

Mzee alifariki mwaka jana wakati wa mavuno. Kwao mwindaji huagwa kwa mlio mmoja wa bunduki, lakini siku ya mazishi risasi haikupatikana, akazikwa kimya kama aliyekuwa anauza nyanya. Shangazi yake Osward, anaitwa Margareta, mwanamke mwenye mdomo kunishinda hata mimi, akasema mbele ya waombolezaji kwamba kaka yake hakuacha mwana wa kushika bunduki. Neno lile lilimwingia Osward likakaa. Akaifuatilia bunduki kituoni mpaka ikaandikwa jina lake, na akaapa kwamba siku ya kuweka msalaba kaburini, baba yake atausikia mlio wake.

Akatafuta risasi. Alizopata kwa muuzaji mwenye kibali zilikuwa za siku hizi, za plastiki nyekundu, ndefu kuliko zile za mzee. Akazijaribu, zikakataa kuzama hadi mwisho, na bunduki nayo ikakataa kujifunga. Mtu mwingine angeona hapo kwamba bunduki imeshasema, lakini Mpogoro utamwambia nini?

Stanislaus alimwambia. Huyu ni askari wa wanyamapori mstaafu, anakaa Mlabani, na silaha zimepita mikononi mwake maisha yake yote. Alimkalisha kwenye benchi langu, nami nikasikia kwa sikio moja, jingine likiwa kwenye mashine. Akamweleza kwamba bunduki ile ilitengenezwa kwa baruti ya enzi zake, na hizi risasi mpya zina msukumo mwingine kabisa. Risasi ikiwa ndefu kuliko chemba, yaani kile chumba cha nyuma inapokaa, mdomo wake unafunguka pale ambapo mtutu umeshaanza kubana. Moto unakosa njia mbele, na ukikosa njia mbele unatafuta pembeni. Na asije akathubutu kuichonga chemba iwe ndefu, maana hapo atapunguza unene wa chuma palepale panapobeba mzigo. Kisha akamshika mkono wa kushoto akauweka mahali unapokaa mpigaji akilenga, chini ya mitutu, mbele kidogo tu ya chemba. Akamwambia kwamba ikipasuka itaanza na huo, halafu uso.

Osward aliitikia kila neno. Nimekuelewa kaka, nimekuelewa sana. Akamshukuru, akamnunulia na soda. Kisha akapanda baiskeli akaenda kwa Jofrey.

Asiyeijua Ifakara atashangaa, lakini sisi huku hatutupi kitu. Tairi la pikipiki likichoka tunalikata viatu, injini ya pampu tunaipandikiza kwenye mashine ya kupura mpunga, na mkanda wa mashine yangu mwenyewe ulitoka kwenye gari, akaupunguza Jofrey huyohuyo. Ni fundi wa kuchomelea pale Mlabani, na kanuni yake ni moja: kinachoingia kinafanya kazi, na kisichoingia kinaingizwa. Kanuni hiyo imetuvusha miaka mingi, siwezi kuitukana. Basi Jofrey akaichonga ile chemba kwa ndani, taratibu, kwa ustadi wote alionao, mpaka risasi nyekundu ikazama na bunduki ikajifunga. Wakapeana mikono kwa furaha, na Osward akamwalika kwenye shughuli.

Haya yote mimi sikuyajua mpaka Ijumaa, siku moja kabla ya msalaba. Brigitha, mke wa Osward, alikuja kuchukua mchele wa shughuli, macho mekundu, na nilipomuuliza kama ni moshi wa jikoni, akanimwagia yote. Alimkuta mumewe chumbani anaingiza ile risasi na kuitoa, anaingiza na kuitoa, anatabasamu peke yake.

Nilizima mashine. Nilitaka kuvuka barabara nikamseme Osward mpaka majirani watoke na viti vyao. Brigitha akanishika khanga. Yeye alishalia, alishapiga magoti, alishamtuma katekista, na wote Osward anawajibu kwa upole uleule kwamba amewaelewa. Sikio la kufa halisikii dawa. Na kuwaita polisi waje kwenye shughuli ya baba mkwe wake, ukoo mzima ungemhesabu yeye ndiye aliyemwaibisha marehemu.

"Sisi tukimzuia ni ugomvi," akasema. "Wewe ukimzuia ni utani."

Hapo nikakaa juu ya gunia nikafikiri. Kwenye shughuli ya marehemu, mtani ndiye mwenye amri. Anaweza kukalia kiti cha mfiwa, anaweza kuficha jembe la kuchimbia, anaweza hata kulala njiani jeneza lisipite, na hakuna wa kumkunjia uso. Alichokishika hakipokonywi. Kinakombolewa tu, na masharti ya kukikomboa anayataja yeye. Atakayemkasirikia amejiaibisha na ukoo wake wote. Lakini mzaha mzaha hutumbua usaha, na mimi sijawahi kufanya utani huku moyo unanidunda. Nilikuwa naogopa, nasema kweli. Osward akifa, mimi nitamtukana nani?

Jumamosi asubuhi tukavuka daraja, bajaji zimejaa masufuria na mabenchi. Shughuli ilipendeza. Wali ulinukia mpaka barabarani, kambale walikuwa kwenye sufuria la shule, na watu walikuja kutoka Mahenge mpaka Kidatu. Padre akabariki msalaba, akala harakaharaka, akaondoka kwenda kwenye misa nyingine. Bunduki ilikuwa imelazwa kwenye mkeka kando ya kaburi, ndani ya blanketi lake, haina kitu. Risasi ilikuwa mfukoni mwa koti la Osward, nilimwona anavyoipapasa. Shangazi Margareta alikuwa amewekewa kiti mbele kabisa ili asikose kusikia. Jofrey alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, anasubiri kazi yake isifiwe. Stanislaus alikuwa kwa wazee, na alipoliona lile blanketi likiguswa, akasimama, uso umebadilika. Lakini mimi nilikuwa nimeshatangulia.

Nilipiga kigelegele, nikacheza lizombe, ngoma ya kwetu Wangoni, kulizunguka kaburi, na watu wakaanza kucheka kwa kuwa walijua mtani ameingia kazini. Nilipofika kwenye mkeka, nikakaa. Juu ya bunduki. Mwili ninao, Mungu hakuninyima, na blanketi lote likapotea chini yangu.

Osward akanisogelea huku bado anatabasamu, akaniambia nimtajie ninachotaka. Akanipa jogoo, nikakataa. Wajomba zake wakaongeza mbuzi, nikawaambia mbuzi wa Wapogoro wanakonda kwa kusikiliza maneno ya wenyewe. Watu wakacheka mpaka shangazi Margareta akachoka, akaagiza Mngoni apewe anachotaka ili mlio usikike, jua linapanda.

"Nataka mkono wako wa kushoto," nikamwambia Osward. "Nipe huo, nikuachie bunduki."

Vicheko vikazidi. Osward naye akacheka, akauliza sasa bunduki ataishikaje.

"Ndilo hilo ninalokuuliza mimi."

Kicheko chake kikaisha. Akanitazama, akamtazama Brigitha ambaye alikuwa anaangalia majani, akajua kwamba ninajua. Akachuchumaa karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia, "Dorotea, usinifanyie hivi. Leo ni ya baba."

Miaka yote hiyo hajawahi kuniita kwa jina. Huniita Mngoni, au huniita wewe mtu wa kupotea. Machozi yakanijia, na papohapo nikaona kwamba nikilia, utani umekwisha, na utani ukiisha bunduki wanaichukua. Nikayameza. Nikapaza sauti nikatangaza kwamba mimi ni mtani mwenye huruma, napunguza sharti. Bunduki na ipige, mzee aagwe, ila isishikwe na mtu. Ifungwe kwenye lile tairi bovu la trekta pale mwisho wa shamba, ivutwe kwa kamba kutoka mbali. Ikitoka salama, Osward atapiga ya pili kwa mikono yake mwenyewe, na mimi nitasimama juu ya kiti cha shangazi nikiri mbele ya watu wote kwamba siku ile ya mababu, waliokimbia walikuwa Wangoni.

Kelele zilizopigwa hapo! Mpogoro gani atalikataa hilo? Wajomba walikuwa wa kwanza kwenda kulisimamisha tairi. Osward alinitazama kidogo, kisha akanyoosha mkono kunisaidia kuinuka, na sikuinuka mpaka Stanislaus alipofika kuipokea yeye.

Stanislaus hakusema neno la kumlaumu mtu. Aliikunja akahakikisha haina kitu, akaifunga kwenye tairi kwa mipira ya baiskeli, ile tunayofungia magunia, mitutu ikitazama bondeni ambako mpunga ulishavunwa na hakuna mtu. Sisi sote akatupeleka mbali, nyuma ya tela lililoleta maturubai, na shangazi akabebwa na kiti chake. Osward aliiingiza ile risasi mwenyewe, kisha akageuka kunionyesha kutoka kulekule kwamba imezama yote. Nikampungia kukubali, maana kuzama kweli ilizama. Jofrey kando yangu alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Stanislaus akafunga kamba kwenye kifyatulio, akairudisha mpaka nyuma ya tela, akampa Osward.

Osward akafanya ishara ya msalaba, akaita jina la baba yake, akavuta.

Sijui niuelezeje ule mlio. Bunduki ninazijua, hulia kwenda mbele. Huu ulipasukia palepale, ukatupiga kifuani, yangeyange wote wa bondeni wakaruka mara moja, na tairi zito la trekta likainuka likaanguka kifudifudi. Kitu kikagonga bati la tela. Hakuna aliyepiga kigelegele. Stanislaus alinyoosha mikono kutuzuia mpaka moshi ulipokwisha, ndipo akatangulia, sisi nyuma.

Mtutu mmoja ulikuwa umefunguka nyuma kama ganda la ndizi. Kipande cha mbao cha kushikia, kile kinachokaa chini ya mitutu, hakikuwepo, na mpaka leo hakijapatikana. Mpira wa tairi ulikuwa umechanika upana wa kiganja, na ndani yake kimezama kipande cha chuma. Stanislaus alijaribu kukitoa kwa vidole kikagoma. Jofrey aliingiza kidole kwenye ule mchaniko wa mtutu, pale alipochonga, akapima wembamba wake, kisha akaenda kukaa peke yake na lile shati lake la pasi. Hakuna aliyemfuata kumsema.

Osward akasogea. Kisha akauleta mkono wake wa kushoto pale mahali ambapo mbao ilikuwa, hakugusa, akauweka tu hewani kama anayelenga. Akaugeuza. Akautazama kiganja, akavikunja vidole, akavikunjua. Halafu akakaa chini kwenye mabua akalia kama ndiyo kwanza anapewa habari za msiba, na mimi, mwenye hasira zangu, nikakaa kando yake nikalia kwa sauti kuliko yeye. Brigitha alikuja akamshika kichwa akakibana tumboni kwake.

Aliyesema ni shangazi Margareta. Alikuja na fimbo yake, akaitazama bunduki, akamtazama mpwa wake chini pale, na nikajiandaa, maana nilijua mdomo ule.

"Mmesikia wote," akasema. "Kaka yangu kajipigia mwenyewe mlio wake, mtoto asiumie. Sasa tukale."

Vigelegele vya hapo sitavisahau. Tulikula kambale mpaka mifupa, tukacheza lizombe na ngoma zao za Kipogoro ambazo mimi husema ni za watu waliokanyaga siafu, na Stanislaus akapewa kiti kando ya shangazi. Jofrey alifuatwa na Osward mwenyewe akaletewa sahani. Jioni tukarudi mjini, wengi wamelala kwenye bajaji.

Jumatatu yake Osward, Jofrey na Stanislaus walipeleka mabaki kituoni. Waligombezwa kwelikweli, wakaandikisha maelezo, na leseni ikaishia huko. Jofrey ameandika kwa chaki mlangoni kwake kwamba silaha hapokei, hata ya kuchezea watoto. Mashine bado anatutengenezea, ila kanuni yake imeongezeka urefu. Siku hizi kitu kikiingia, anauliza kwanza kilitengenezwa kubeba nini.

Osward hakuja kwenye benchi siku kadhaa. Nilikuwa nafunga magunia vibaya makusudi, labda atakereka atoke ndani, wapi. Kisha asubuhi moja, mashine imejaa wateja, nikamwona anavuka barabara. Akasimama mbele yangu, akasema kwa sauti kwamba Mpogoro hakai na kitu cha mtani asichokikomboa, na sharti nililitaja mwenyewe mbele ya watu. Akanyoosha mkono wa kushoto.

Wateja wote wakageuka, kwa kuwa wananijua. Watu walingoja niangalie mabati. Nikautazama ule mkono. Una kovu la mnyororo wa trekta na ukucha mmoja mweusi, na vidole vilikuwepo vyote. Nikaupokea kwa mikono yangu yote miwili, nikaushika mpaka mteja mmoja akaniuliza kama naumwa.

Mpaka leo hunisalimia kwa huohuo kila asubuhi. Wageni hushtuka, wengine wanadhani tumegombana, na Osward huwa anangoja kwa furaha nitakavyowajibu. Nawaambia wasimlaumu. Mkono ule si wake, ni wangu, yeye ananitunzia tu, na kila siku lazima aulete nihesabu vidole.